Rehema, kuhusu Tariq na futiboli

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza umruhusu Tariq ajiunge na timu ya futiboli ya Kimarekani shuleni kwao hapo Houston, au umkatalie kabla hajavunjwa shingo. Mama yako amejibu kwa neno moja, unalijua. Mimi naanzia mbali kidogo, univumilie.

Tariq akifika miaka 40 atakuwa nani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kazi ya mwili ni ya kuazima, nawaambia tangu mko wadogo, na nikimtaja Alan Page mnaguna. Guneni tu. Aliichezea timu ya futiboli ya Vikings hapa Minnesota tangu 1967, na mwaka 1971 akawa mlinzi wa kwanza kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Huku anacheza, anasomea sheria Chuo Kikuu cha Minnesota, akahitimu 1978. Mwaka huohuo Vikings wakamtema! Alikuwa amenogewa na mbio ndefu, kilo zikapungua, wakaona hafai tena. Bears wa Chicago wakamchukua kwa dola 100, akacheza mpaka 1981. Mwaka 1992 wananchi wakamchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, Mweusi wa kwanza, na alitoka 2015 kwa sababu tu sheria hairuhusu jaji kupita miaka 70.

Haya yote nilimsimulia kaka yako Idi garini, jioni ile kocha alipomwambia hana mwili. Nilidhani namliwaza: hata Page alikataliwa kwa wembamba! Idi alitazama dirishani kimya, kisha akasema, "Baba, mimi sikuomba kuwa jaji. Niliomba kucheza." Mtoto wa miaka kumi na tano! Nikasimama kituo cha mafuta nikajifanya nanunua maziwa. Maziwa tulikuwa nayo.

Na kusema kweli, Page aliingia Chuo Kikuu cha Notre Dame kwa mlango gani? Wa mpira huohuo. Hapo hoja yangu inachechemea. Lakini wangapi wa rika lake walitoka na magoti mabovu, au na ubongo ulioharibika kwa kugongwa kila wiki? Mwenyewe, siku anaingizwa Ukumbi wa Heshima wa futiboli kule Canton, Ohio, mwaka 1988, jengo alilolifanyia kibarua ujanani, aliongea habari za elimu. Kazi ya mwili ni ya kuazima. Naye alijua.

Uamuzi wangu ninao, umenikaa ulimini. Mama yako amenikataza kuuandika, anasema mtoto ni wenu wewe na mumeo. Haya. Ila zungumza na Idi kwanza, na usimwambie nimekutuma.

Mkiamua acheze, nitumie ratiba ya mechi mapema. Tiketi za ndege za kuja huko hupanda bei.

Baba yako