Muulize Bwana Afya: Jirani ana karatasi yenye mhuri, ndiyo leseni ya dampo?

*Shikamoo Bwana Afya. Nyuma ya nyumba yetu kuna shimo walikochimba mchanga wa kujengea. Tangu Januari mwenye kiwanja anachukua pesa, magari ya taka yanamwaga humo usiku. Tukimfuata anatoa karatasi yenye mhuri wa serikali ya mtaa, anasema ndiyo leseni yake. Kisima changu hakifiki hatua hamsini kutoka hapo na maji yameanza kunuka. Karatasi hiyo inatosha?*
*Mama wa Kisima, Mkoa wa Pwani*

Marahaba, mama. Kwanza maji hayo msinywe, hata yakichemshwa. Moto unaua vijidudu, hauondoi sumu za betri na rangi.

Karatasi haitoshi. Mhuri wa mtaa ni wa kukutambulisha benki au kumdhamini kijana polisi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, taka ngumu ni mzigo wa halmashauri, na dampo jipya linahitaji cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, maombi yakipitia NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Tathmini hiyo haifanywi kimyakimya, majirani huulizwa. Wewe uko hatua hamsini na hakuna aliyebisha hodi!

Tena shimo la mchanga ndilo baya kuliko yote. Dampo la kweli hutandikwa udongo wa mfinyanzi au plastiki nzito, yale majimaji meusi yanayochuruzika yakusanywe, na taka hufukiwa kila siku. Mchanga unayapitisha moja kwa moja hadi kwenye ndoo yako.

Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri, nakala ofisi ya NEMC ya kanda yenu. Weka namba za magari, saa na picha, na uombe maji yapimwe. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Huo ndio mhuri wa kuutafuta.

Wakikwambia "serikali imeruhusu", wakumbushe Tabata. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam Mahakama Kuu kwa ajili ya dampo, wakashinda. Jiji likawa linarudi kuomba muda zaidi, mpaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akishangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wa huko nao wakashtaki, nao wakashinda. Nilikuwa kijana kazini wakati ule. Moshi wa Tabata ulikuwa unaingia hadi ndani ya daladala, abiria wanafunga madirisha na joto lote lile.

Ila usiku msiyazuie magari. Mimi niliwahi kusimama mbele ya tipa, kitambulisho mkononi. Dereva akageuza gari taratibu, akainua bodi, akanimwagia matumbo ya samaki miguuni. Namba ya gari inatosha.