Kikundi Chote ni Changu: Kumjibu Mgeni Anayeomba Nafasi

Probox yenye watu watano ikipita Kondele, anayengoja barabarani hawezi kujua kama ni watu wa nyumba moja wanaoenda matangani au ni gari la abiria wa Luanda. Anapunga mkono tu. Mgeni anayekuandikia “nafasi ipo?” kwenye gemu ya mtandaoni yuko vivyo hivyo. Ameona mbeba ngao mmoja, mponyaji mmoja na wapigaji watatu wakitembea pamoja, akadhani ni watu watano. Hajui kwamba wote ni wewe peke yako, umekaa Nakuru na skrini mbili mezani na madirisha matano ya gemu yamefunguliwa.

Kwa hiyo usimjibu kwa ukali, na zaidi ya yote usimnyamazie. Wahusika watano wanaogeuka kwa pamoja bila kusema neno wanafanana kabisa na roboti, na mgeni aliyenyamaziwa yuko hatua moja tu na kitufe cha kukushtaki. Kwenye gemu ya World of Warcraft, kufungua akaunti kadhaa kwa wakati mmoja kunaruhusiwa. Kilichopigwa marufuku tangu Novemba 2020 ni programu inayonakili kibonyezo kimoja kwenda madirisha yote. EVE Online, gemu ya vyombo vya angani, ilizuia jambo hilohilo kuanzia tarehe 1 Januari 2015, na gemu ya EverQuest ina baadhi ya seva ambako kila kompyuta inaruhusiwa mhusika mmoja tu. Mchezaji wa kawaida hajui mstari huo umepita wapi. Ukimjibu kwa maneno yanayohusu alichouliza, shaka yake nyingi huisha hapo hapo.

Tatizo ni kwamba swali mara nyingi haliji kwenye dirisha unalolitazama. Mgeni hubofya yule aliyesimama nyuma bila shughuli, naye karibu kila mara ni mponyaji. Ujumbe unakaa dakika kumi kwenye dirisha dogo lililo kona ya skrini. Dawa yake ni mbili. Kwanza, zima muziki na kelele za vita kwenye madirisha yote ya wafuasi (wahusika wako wanaomfuata kiongozi), lakini acha mlio wa ujumbe wa faragha. Pili, kwenye World of Warcraft wape wafuasi wote amri ya /dnd (“usinisumbue”) ikifuatiwa na maneno, kwa mfano: “Wote watano ni wa mchezaji mmoja, mwandikie kiongozi.” Kila atakayewanong’oneza atapata jibu hilo papo hapo, nawe hujagusa kitu.

Kwa kiongozi, andaa mapema makro ya jibu, yaani amri iliyoandikwa tayari ya kubonyezwa kwa kitufe kimoja. Alama ya %t hugeuka kuwa jina la uliyemlenga, kwenye World of Warcraft na kwenye EverQuest pia, hivyo “/w %t” kwenye ya kwanza au “/tell %t” kwenye ya pili inatosha: unambofya mgeni, unabonyeza kitufe kimoja. Maneno yawe mafupi: “Samahani ndugu, wahusika hawa wote ni wangu, nacheza peke yangu. Siongezi mtu leo. Unahitaji nini, labda nikusaidie?” Kwa Mzungu andaa hayohayo kwa Kiingereza chepesi. Usiseme “ngoja kidogo” kama huna nia ya kumchukua. Atangoja kweli, amesimama kando yako, na baada ya robo saa umejipatia adui.

Swali la mwisho katika jibu hilo ndilo lenye kazi. Wengi hawatafuti kikundi. Kuna anayetaka adui mmoja tu wa kazi aliyopewa, na wewe umeketi palepale anapotokea. Kuna anayeogopa kupita pango peke yake. Kuna aliyeona mponyaji, akakumbuka kwamba yeye hana. Mahitaji haya hutimizwa bila kumwingiza mtu. Shaman au druid wa EverQuest akimpa Spirit of Wolf, uchawi wa kuongeza mbio, mgeni anakimbia zake akishukuru. Mage wa World of Warcraft anaweza kumtengenezea maji ya kunywa, na priest akamwongezea uhai kwa Power Word: Fortitude. Inakugharimu sekunde chache, na watu wa seva hukumbuka jina la aliyewapa maji.

Yule anayetaka adui mmoja ni rahisi pia, ila kuna utaratibu. Kikundi cha World of Warcraft hakizidi watu watano. Ukikigeuza kuwa kikosi kikubwa ili aingie wa sita, kazi nyingi hazihesabiki tena, kwa hiyo atauona mzoga na asipate alichokuja kutafuta. Mtoe mpigaji wako mmoja, mwingize mgeni, mwueni adui huyo, agana na mgeni, kisha umrudishe wako. Mpigaji uliyemtoa mwache nyuma ya mponyaji, mbali na njia ya walinzi wanaozunguka.

Sasa tuseme una wahusika wanne na nafasi moja iko wazi kweli. Hapa watu hukataa kwa hofu ya kugawana XP (pointi za uzoefu zinazopandisha kiwango) bila kupiga hesabu. Kwenye World of Warcraft Classic, toleo la mtindo wa zamani, wachezaji wa kiwango kimoja wakiwa wanne, XP ya adui huzidishwa kwa 1.3 kisha hugawanywa kwa wanne. Wakiwa watano, huzidishwa kwa 1.4. Adui wa pointi 100 humpa kila mmoja 32.5 mkiwa wanne, na 28 mkiwa watano. Ili usipoteze, lazima muue haraka zaidi kwa takriban asilimia 16. Mgeni mwenye nguvu sawa na mmoja wa wahusika wako anaongeza robo nzima ya mapigo, kwa hiyo akipiga kweli unapata faida, na akisimama tu unamlipia. Lakini robo hiyo ni ya muda wa kupiga. Muda wa kutembea kutoka adui mmoja hadi mwingine haupungui hata kidogo, na mahali ambapo maadui wametawanyika faida yote huishia njiani.

Vitu vya kukusanya ndivyo vinavyoumiza. Chukua kazi ya kuleta ngozi 12, zile zinazoangukia mtu mmoja mmoja. Wahusika wanne wanahitaji 48. Mgeni akiingia zinakuwa 60. Kama ngozi huanguka mara moja katika kila maadui wawili, umetoka maadui 96 hadi 120. Hapo kataa bila aibu, na mwambie sababu. Anayejua gemu ataelewa mara moja, kwa sababu yeye pia asingependa.

Tazama kiwango chake vilevile. Kwenye Classic, XP hukadiriwa kwa kumtazama aliye juu zaidi kikundini. Mtu wa kiwango cha 60 akijiunga na wako wa kiwango cha 20 “kusaidia tu”, maadui wanakufa kama kuku wa mdondo na wewe hupati karibu chochote. Msaada wa namna hiyo ni wa kuvuka mahali pagumu, si wa kukua. Kanuni ya zamani ya EverQuest ni kwamba aliye juu asizidi aliye chini kwa zaidi ya mara moja na nusu: mwenye 60 anaweza kugawana na mwenye 40, na hawezi na mwenye 39.

Jambo ambalo huwaangusha hata wazoefu ni mpangilio wa nafasi. EverQuest hutumia F1 kukulenga wewe mwenyewe na F2 hadi F6 kuwalenga wenzako kwa mpangilio wa kikundi. Kwenye World of Warcraft, makro nyingi za uponyaji huita party1, party2 na kuendelea, yaani namba ya nafasi ya mtu kikundini. Ukimtoa mmoja, ukamwingiza mgeni, ukamrudisha wako, mpangilio umebadilika. Unabonyeza kitufe cha kumponya mbeba ngao, dawa inakwenda kwa mgeni ambaye hata hajaguswa, na mbeba ngao anaanguka. Lawama zitamwendea mgeni, naye hana kosa. Andika makro za uponyaji kwa jina la mhusika, si kwa namba ya nafasi. Kazi hiyo ifanye leo, kabla hajatokea wa kukuomba.

Ukimkubali, mpe masharti matatu kabla ya kubonyeza amri ya kualika, /invite, kwa sababu baadaye yanasikika kama ugomvi. La kwanza ni kikomo: “hadi tumalize huyu mkubwa”, si “tuone tu”. La pili, adui asivutwe (asichokozwe aje) na mtu yeyote ila wewe. Mgeni amezoea mponyaji mwenye macho yake mwenyewe, ilhali wako anaona tu pale unapolitazama dirisha lake. Adui wa pili akija kwa mlango wa nyuma, unahitaji kuhama dirisha, kulenga na kubonyeza, na huo ni muda wa kutosha mtu kufa. Mwambie wazi: “Mponyaji wangu huchelewa sekunde mbili tatu.”

La tatu ni nyara. Kura zikipigwa kama kawaida, wewe una mikono minne na yeye ana mmoja. Hata bahati ikiwa ya haki kabisa, yeye atashinda mara moja kati ya tano, na mbele ya macho yake utaonekana mwizi. Njia safi ni hii: kwa kila kitu kinachoanguka, mhusika wako mmoja tu apige kura, yule anayekihitaji, na wengine wote wapite. Kama kuna kitu maalumu unachokiwinda, kitaje kwa jina mapema, umruhusu aondoke akiona hakuna lake. Uongozi usimpe, hata akisema anaijua njia. Dirisha la biashara likifunguka kwa mfuasi usiyemtazama, lifunge. Akikutumia faili au kiungo cha “kurekebisha makro”, mtoe palepale.

EVE Online ina desturi zake, na hapo mgeni wa kawaida ni mchimbaji. Amekuona na Orca, meli kubwa ya kuwasaidia wachimbaji, na meli tatu za kuchimba, anaomba aingie kwenye msafara apate nguvu za nyongeza za Orca. Nguvu hizo hazigawanywi, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka hupotezi kitu zaidi ya mawe atakayochimba. Hatari iko kwingine. Msafara hubeba hadi watu 256, na kila aliyemo anaweza kuruka moja kwa moja hadi alipo mwenzake ndani ya mfumo uleule wa nyota. Anayetaka kuwaletea wenzake wavamizi njia ya kukufikia hahitaji zaidi ya hapo. Tena Orca ina ghala la msafara lenye mpangilio wa kuwaruhusu wanamsafara kuchukua mali. Zima ruhusa hiyo kabla ya kumwalika, hamisha mawe yaliyomo, mweke kama mwanachama wa kawaida bila cheo, na usikubali ombi la pambano la wawili hata akisema ni la kujifurahisha. Kumbuka pia kwamba akaunti ya bure ya Alpha hairuhusiwi kuwa ndani pamoja na akaunti yako nyingine. Mgeni akikushauri uongeze Alpha “upate meli ya tano”, anakutafutia adhabu.

Kwa sisi wa upande huu kuna hesabu ya saa. Jioni ya Ulaya, ambapo seva hujaa na maombi humiminika, huangukia kwetu kuanzia kama saa tatu usiku hadi saa saba. Asiyetaka kuulizwa acheze alfajiri, Wazungu wakiwa wamelala. Seva ya EVE hufungwa kidogo kila siku saa 11:00 UTC, yaani saa nane mchana kwetu, basi usimwahidi mgeni safari ya saa moja ukianza saa saba na nusu.

Na kuna stima. Ngurumo za alasiri za Kakamega na Kisumu hazibishi hodi. Umeme ukienda, wahusika wako wote wanatoka kwa mpigo mmoja, na mgeni anabaki peke yake katikati ya pango. Kwenye World of Warcraft uongozi humhamia yeye pia. Mwambie mwanzoni: “Nikipotea ghafla ni stima, toka nje, usiningoje zaidi ya dakika tano.” UPS ndogo ya rauta haisaidii kama kompyuta ni ya mezani na haina yake. Ukiwa na laptopu, betri na bando la simu vinakupa muda wa kuwatoa wote kwa utaratibu na kumuaga mgeni kama mtu.

Kazi ikiisha, mshukuru, mngoje akusanye nyara zake, kisha umtoe wewe kiongozi badala ya kungoja aondoke mwenyewe. Warudishe wako kwa mpangilio uleule wa mwanzo. Kabla ya kumvuta adui mwingine yeyote, nenda kwenye dirisha la mponyaji na ubonyeze vitufe vya kuwalenga wenzako (kwenye EverQuest ni F2 hadi F6) kimoja kimoja, utazame kila kitufe kinamlenga nani.