Wageni waje jioni

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unataka uwalete huku Kwale wageni wanaoshukia Diani, saa tano asubuhi, walione banda langu la konokono na kila mmoja atoe shilingi 200. Wageni nawataka, na hizo 200 nazitaka zaidi. Saa tano ndiyo siitaki.

Konokono si kuku. Jua likishawaka yeye yuko chini ya majani makavu ya mgomba, kajikunyata ndani ya gamba. Kiangazi kikikaza huziba mlango kwa utando mgumu, akalala hata miezi. Sasa mgeni wako aliyelipa ataona nini kama si vijiwe? Mwezi wa pili walikuja watoto wa shule moja, adhuhuri. Mmoja akanivuta leso: "Bibi, hawa wamekufa?" Nikachukua mmoja, nikamnyunyizia maji, nikamweka kwenye kipande cha papai. Tukangoja, tukangoja. Mwisho pembe mbili zikachomoza polepole, kila moja ina jicho kama punje ya ulezi nchani. Mtoto alipoigusa moja kwa kijiti ikajirudisha ndani kama kidole cha soksi kilichopinduliwa. Lakini wenzake walikuwa wameshapangwa foleni ya basi, hawakuona kitu.

Siku hiyohiyo mwingine aliingia na embe bichi la chumvi na pilipili. Chumvi ikamdondokea konokono wangu mkubwa, yule anayetaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja. Alitoka povu mpaka akaisha. Sikumgombeza mtoto, kosa lilikuwa langu kwa kutowakagua mlangoni.

Kwa hiyo waje saa kumi na mbili jioni, nikishamwagilia banda. Wasizidi kumi kwa mara moja. Mwenye kujipaka dawa ya mbu asishike konokono, na aliyeshika anawe kwa sabuni kabla hajagusa mdomo. Hapo sina mzaha: konokono hubeba minyoo ya panya, na ikimwingia mtu inaweza kumfika kwenye ubongo. Ndiyo maana mitego ya panya haitoki bandani, hata kama unaona inaharibu picha zako.

Lile wazo lako la kuwaonjesha mishikaki ya konokono liache kwanza. Majirani wengi hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, konokono hawamli, na moshi wa jiko letu unaingia kwao.

Kuna na hili. Mgeni mmoja aliniomba mayai machache aende nayo Marekani. Nikamwambia hata moja simpi. Huyu konokono kwao ni huku pwani ya Afrika Mashariki, lakini akivushwa huwa balaa la mashamba. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami na watatu kutoka Hawaii, bibi yake akawaachilia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa wameokotwa zaidi ya 18,000, na kazi ya kuwamaliza iliendelea mpaka 1975. Bibi mwenzangu yule, sidhani alikusudia ubaya. Basi mfuko wa kila mgeni utafunguliwa akitoka, na wewe ndiye utakayeufungua, maana mimi naona haya.

Kibali changu cha KWS, wale wa shirika la wanyamapori, ni cha kufuga. Kama kinaniruhusu kuingiza watu wa kulipa nitakwenda kuuliza Jumatatu, kwa hiyo pesa ya mtu usiipokee kabla sijakupigia. Na yale matangazo uliyochapisha yenye "saa tano" yasibandikwe. Ukija, niletee tochi mbili zisizo kali, na maganda ya mayai ya kuwalisha konokono kutoka kwa yule muuza chapati wako, yakaushwe kwanza, mara iliyopita yalifika yananuka.

Mama yako