Siogopi mashine inayoasi, naogopa inayochakaa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: katika hadithi za distopia, yaani zinazobuni jamii ya baadaye iliyoharibika, ni hatari ipi ya kutegemea teknolojia inayotutisha zaidi? Wengi watataja roboti wanaowageuka mabwana zao. Hilo halininyimi usingizi. Ninachokiogopa ni mashine inayoharibika polepole huku sisi tukizoea.

Hadithi iliyonitia hofu hiyo ni "The Machine Stops" ya Mwingereza E. M. Forster, iliyochapishwa mwaka 1909, redio ikiwa bado haijaingia majumbani. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani kwake, wakihudumiwa kwa kila kitu na mtambo mmoja uitwao Mashine. Mama mmoja, Vashti, akibonyeza kitufe anapata chakula, kingine muziki, kingine kitanda. Mwanawe, Kuno, yuko upande wa pili wa dunia, nao huonana kwa kupitia Mashine tu. Kijana akimwomba aje wakutane ana kwa ana, mama anaona ni usumbufu.

Wanaoisimulia hukimbilia mwisho, Mashine inaposimama. Mimi hubaki kwenye kurasa za kabla ya hapo. Muziki unaanza kukwaruza. Vashti analalamika kwa kamati, anaambiwa suala lake litashughulikiwa. Wapi! Baada ya muda anaisikia ile mikwaruzo kama sehemu ya wimbo. Maji ya kuogea yananuka, matunda yanaota ukungu. Watu wananung'unika, kisha wananyamaza. Siku vitanda vinapogoma kutokea, ndipo inatangazwa kwamba hata chombo cha kurekebisha kasoro nacho kinahitaji kurekebishwa. Na duniani kote hakuna anayeielewa Mashine nzima. Kila mtu anajua kipande chake tu.

Hata R.U.R., tamthilia ya Mcheki Karel Čapek ya mwaka 1920 inayojulikana kwa maasi ya roboti, ina jambo hili. Roboti wanawaua binadamu wakambakiza mmoja tu, Alquist, kwa kuwa anafanya kazi kwa mikono kama wao. Kisha wanamsihi awaonyeshe namna ya kuunda roboti wengine. Hajui, na maandishi yenye siri hiyo yalishachomwa moto.

Atakayesema hizi ni porojo za waandishi akumbuke Juni 1, 2009. Ndege ya Air France namba 447 ikiwa juu ya Atlantiki, vipima-mwendo vyake viliziba kwa barafu na mfumo wa kujiendesha ukajizima. Injini zilikuwa zinafanya kazi. Chini ya dakika 5 baadaye ndege ilikuwa baharini, na watu wote 228 walikufa. Wachunguzi wa Ufaransa walieleza, pamoja na mambo mengine, kwamba marubani hawakuwa wamefunzwa kuirusha kwa mikono katika kimo kile.

Sisemi mifumo hiyo ing'olewe. Usafiri wa anga ni salama zaidi kwa sababu yake. Ila ninapouziwa mfumo mpya kwa sifa kedekede, siku hizi nauliza maswali mawili: ukizima, nani anaweza kuifanya kazi hiyo bila huo mfumo? Na mara ya mwisho aliifanya lini?