Barua kwa Bi Mkutubi: Kitabu Kilicholowa, Makaratasi ya Nahodha na Punda wa Matondoni

Ratiba ya maktaba yetu ya mtaa hapa Lamu, ya Julai na Agosti, ilibandikwa mlangoni Jumatatu. Kufikia Alhamisi ilikuwa imechanika pembe, mtu keshaandika juu yake nambari ya fundi wa mabomba, na mimi nina barua kumi na moja mezani. Nimechagua tano. Wale watatu waliouliza kama kutakuwa na kahawa: itakuwako, lakini nje barazani, na kikombe hakivuki kizingiti.

*“Asalaam aleikum Bi. Nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Shule zikifungwa Agosti hushinda kutwa wakigombania simu yangu. Nimeona pameandikwa Saa ya Hadithi. Mdogo hajajua kusoma, na asubuhi wote wawili wako chuoni kusoma Kurani. Wataweza kuja?” — Mama Watoto, Langoni*

Waaleikum salaam mamaangu. Hilo la chuo tulilifikiria, maana mwaka fulani tuliweka hadithi saa tatu asubuhi tukabaki mimi, paka na mtoto mmoja mwenye surua aliyekatazwa kwenda kokote. Safari hii ni Jumatano na Jumamosi, saa kumi na nusu, watu wakishatoka kusali Alasiri, na saa kumi na mbili kasorobo tumeshakunja mkeka.

Kutojua kusoma si tatizo. Miaka miwili nyuma alikuja kijana wa miaka mitano, kanzu imemfika vifundoni, akachukua kitabu cha picha akakishika juu chini. Nilishanyoosha mkono nimgeuzie. Kabla sijamfikia akapaza sauti, “Paukwa!” Wenzake wakaitikia “Pakawa!” Basi akatusimulia sungura aliyetumwa Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wetu, kununua viazi vya karai, akala viwili njiani, akafika nyumbani akaambiwa ahesabu. Kwenye kitabu hamna viazi wala karai. Ni sungura na karoti yake, kitabu cha Ulaya. Mkono wangu nikaurudisha mapajani. Nilikuwa nimekifungua kitabu kile mara nyingi na sijawahi kukisikia kitamu namna ile.

Sharti ni moja: mtoto chini ya miaka minane aje na mtu mzima, na huyo mtu mzima akae. Si kumtupa mlangoni ukaenda sokoni. Baba akija pia hafukuzwi, ingawa akina baba wa mji huu ukiwaambia waketi mkekani na watoto hukumbuka ghafla kwamba wana mtu wa kumwona gatini.

*“Binti yangu, mimi nalikuwa nahodha wa jahazi. Herufi za shule sizijui, nalisoma chuoni tu. Lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu nakisoma, na babangu aliniwatia makaratasi. Mato nayo hayana nguvu tena. Ratiba yenu yote naambiwa ni ya watoto na kompyuta. Mimi niye kufanya nini?” — Nahodha, Mkomani*

Shikamoo Nahodha. Kosa ni langu. Jioni ya Tenzi niliiandika mstari wa mwisho kabisa, wino wa mashine ukiwa umekwisha, na aliyekusomea ratiba bila shaka hakuiona. Ni kila Jumanne baada ya Isha, barazani, na wewe ndiye tunayekungoja.

Nikueleze kwa nini. Tunaanza na utendi wa Mwana Kupona, ule wasia aliomtungia binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Wasichana wa sekondari watakuja nao katika herufi za shule, na sisi tuna nakala katika herufi za Kiarabu. Wale wanasoma haraka ila hawajui nusu ya maneno. Kiamu cha zamani, Kiswahili cha hapa Lamu, kwao ni kama lugha ya jirani. Wazee wanayajua maneno ila hawaijui ile chapa. Nataka wakae goti kwa goti, ubeti kwa ubeti.

Na herufi zetu zile, wewe wajua, zinamtaka mtu mwenye lugha kinywani. Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina v. Waandishi wengine waliongeza nukta, wengine waliandika b tu wakamwachia msomaji ajue kuwa ni p. Kasra, ile alama ya chini ya herufi, ni moja kwa i na e. Dhumma, ile ya juu yake, ni moja kwa u na o. Alitujia kijana mmoja wa chuo kikuu, mwenye Kiarabu kizuri sana, tukampa shairi la zamani linaloutaja mji wa Pate. Kila palipo na Pate akasoma “bati”. Akatufasiria kwa heshima zote jinsi mshairi alivyosikitikia bati lililoachwa ukiwa. Watu walijikaza mpaka mzee mmoja akashindwa, akamwambia, “Ni Pate, mwanangu. Bati lilikuwa halijafika.”

Sasa makaratasi ya babako. Usiyalete kuyatoa. Yalete tuyaone, na urudi nayo nyumbani siku hiyo hiyo; nasema hivi kwa sauti kwa sababu yako makaratasi mengi ya mji huu yaliyoazimwa na wageni wenye adabu nzuri na hayajarudi. Kwa sasa fanya haya. Kama yamo katika mfuko wa plastiki, yatoe leo: unyevu hufungiwa ndani na ukungu hupata nyumba. Yatie katika bahasha ya karatasi au sanduku la mbao lisilo na matundu ya mdudu, uliweke juu ya kabati. Kwenye zidaka, zile shubaka za ukutani, usiweke, hata kama ndipo babako alipoyaweka. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, hunyonya maji ya mvua na chumvi na kuyatoa polepole, na karatasi iliyogusana na ukuta ndiyo huyanywa. Palipochanika pasiguswe na selotepu. Gundi yake baada ya miaka hugeuka rangi ya chai, ile plastiki ikabanduka yenyewe, doa likabaki juu ya maandishi. Mchwa ukimwona njia yake ukutani, usingoje kesho.

Kuhusu mato, tunayo lenzi kubwa ya kukuza maandishi. Imefungwa kamba mezani kwa sababu ya kwanza ilienda zake. Na usiku ule kazi yako si kusoma sana, ni kuwasahihisha.

*“Bi, nina kitabu chenu mwaka wa nne sasa. Kilinidondoka baharini nikishuka mashuani Mokowe. Nalikianika juani, kikavimba kama mkate wa mofa. Nimeona mna wiki ya kurudisha vitabu bila faini. Nije nisije?” — Mwenye Haya, Shela*

Njoo. Wiki nzima ya kwanza ya Julai kutakuwa na sanduku la mbao mlangoni. Unatia kitabu, unakwenda zako. Hakuna wa kukuuliza jina, na mimi nitakuwa nimeangalia upande wa bahari.

Nilipigania jambo hili kamatini na sababu yake ni ya kwangu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliazima kitabu katika maktaba ya mji mwingine, sitautaja. Nikakiweka juu ya kabati. Ndugu yangu mdogo wakati huo alikuwa na biashara ya kuuza njugu mbele ya nyumba, na biashara yataka karatasi. Siku moja nikanunua njugu kwake, nikafungua kile kipande nikakuta sura ya tatu, mahali hasa nilipokuwa nimefika. Nikasoma nikitafuna. Kisha akili ikanijia. Nilikusanya nilichoweza, majalada mawili na kurasa chache zenye mafuta, nikavipeleka. Karani aliyekuwa mezani aliviinua juu watu wote wa foleni wavione, akanitajia faini inayozidi bei ya kitabu kipya, akauliza kwa sauti kama kwetu tunafuga mbuzi. Faini mama aliilipa kwa mafungu. Mimi sikuingia maktaba yoyote kwa miaka sita, na sasa nimo humu ndani tangu nywele nyeusi, kwa hiyo ujue ile miaka sita ilikuwa na uzito gani.

Kitabu chako kilichovimba tutakibana chini ya mawe, labda kitatulia. Ila siku nyingine, na hili ni kwa kila apandaye mashua na kitabu: jua ndilo lililokimaliza, maji yalikianza tu. Kitabu kikinywa maji ya chumvi, kisuuze na maji safi baridi kikiwa kimefungwa, kikamue kwa kukibana baina ya taulo, usikisokote. Halafu kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zimetawanyika kama kipepeo. Kikikaribia kukauka kilaze, ukiwekee kitu kizito. Kusi ya miezi hii itakufanyia kazi bure.

*“Bi Mkutubi, niko kidato cha nne. Kompyuta za maktaba ni nne na sisi ni wengi, halafu ratiba inasema Julai kutakuwa na sherehe. Tutasoma saa ngapi? Na kwa nini hazinunuliwi nyingine?” — Mtahiniwa, Gadeni*

Mwanangu, kompyuta ni dakika arobaini na tano kwa mtu, jina unaandika mwenyewe daftarini, na kuanzia mwezi ujao saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku ni za watahiniwa peke yenu. Anayekuja kutazama mpira atatolewa. Umeme ukikatika kuna karatasi za mitihani iliyopita kwenye faili la kijani, na taa mbili za sola.

Sherehe ni siku moja tu, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Asubuhi yake tutakuwa na shindano la kuunda maneno. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mwana wa Amu aliyezaliwa 1927 na kututoka 2017, ndiye aliyetupa “runinga”, na leo watu wanaisema bila kujua kuna aliyekaa akaifikiria. Nitaleta vitu vitano visivyo na jina la Kiswahili linalonipendeza, nyinyi mtaviita. Kimojawapo ni kile kijiti cha kujipigia picha. Usiniambie “selfistiki”, nitakunyima alama.

La kwa nini hazinunuliwi: chini ya Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, maktaba za wananchi zimo katika kazi za kaunti. Vikao vya kutoa maoni juu ya bajeti huitishwa, tangazo hubandikwa, na mimi nimekwenda. Watu husimama kusema barabara, maji, gati, zahanati, na ni haki yao. Kompyuta za wanafunzi niliyezitaja ni mimi mwanamke mmoja, na yule mwandishi wa kikao aliniuliza mara mbili kama nimesema “maktaba” au “makaburi”. Njooni kumi tu wenye sare za shule tuone kama atasikia vibaya.

*“Bi, sisi wa Matondoni maktaba yenu twaisikia tu. Mtoto hawezi kutembea kuja mjini na kurudi kwa ajili ya kitabu kimoja. Mtatuletea lini?” — Fundi Seremala, Matondoni*

Ndugu yangu, unasema kweli. Garissa wenzetu wa Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa walianza kupeleka vitabu kwa ngamia mwaka 1996, na sisi tunaojisifu kwa punda tumekaa tu.

Tulitaka kwanza kuja kwa mashua kila Jumamosi asubuhi. Mzee mmoja wa kamati akatuuliza Jumamosi ipi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa karibu saa nne ya asubuhi, na mashua yetu ingekaa topeni na vitabu vyake mpaka alasiri. Maji mafu, siku bahari haijai sana wala haikupwi sana, ndiyo tungepita. Ratiba iliyopangwa kwa kalenda ya ukutani ilikuwa haina maana, ikabidi tuifute tuanze upya.

Kwa hiyo Agosti mtapata sanduku kila baada ya wiki mbili, Jumamosi za maji mafu kwa mashua, na bahari ikichafuka kwa kusi tutakuja kwa nchi kavu, kwa punda. Vitabu themanini, arobaini kila upande wa shogi, lile kapu la mgongoni mwa punda: vya watoto vingi, vya kilimo na afya vichache, na kile cha mabomba ya maji ambacho mafundi hawakiachi. Vitakaa kwenu wiki mbili, kisha tunabadilisha. Tunachotaka kutoka kwenu ni chumba kisichovuja na mtu mmoja wa kuandika daftari. Ujira hakuna. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, msitungoje, mji mzima huwa uko kwenye Maulidi ya msikiti wa Riyadha na punda wote wana kazi.

Na tukiwa hapo kwa punda. Tuliyeahidiwa tulimjaribu juzi na shogi iliyojaa. Alikwenda vizuri mpaka nje ya mji, akaona dimbwi lililobaki na mvua, akalala ubavu wa kulia. Vitabu arobaini vya upande huo sasa viko kivulini barazani kwangu, vimetawanywa kama vipepeo. Mwenye punda asiyeogopa maji aje aulizie kwangu, siku yoyote isipokuwa Ijumaa.