Kazi Yako Iweke Mwenyewe Mtandaoni, Usisubiri Bosi

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia inboksi, "kaka mimi nina cheti cha ufundi cha VETA, mwaka wa nne huu niko kazini, mbona hakuna anayenijua?" Ile meseji nimekaa nayo siku mbili maana nilijiona mimi mwenyewe pale, kwa hiyo namjibu hapahapa na wengine msome.

Mimi ni fundi AC, Dar. Miaka mitano nilikuwa chini ya kampuni moja, jina naliacha. Joto la Februari unapanda juu ya paa saa saba mchana, bati linaunguza mpaka ndani ya kiatu, unaosha koili, unabadilisha kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, unashuka umelowa chapachapa. Jioni nafungua simu nakuta picha ya kazi yangu iko kwenye ukurasa wa kampuni, kichwa changu wamekikata imebaki mikono, na komenti zote "hongera bosi". Ile ni mikono yangu jamani! Mpaka leo nikiikumbuka ile picha roho inaniuma.

Nikaacha kazi, nikaanza kujitangaza, na nikakosea palepale mnapokosea wengi. Nikaazima suti, nikaenda studio, nikamlipa mtu wa logo. Kule LinkedIn chini ya jina wanakupa nafasi ya herufi 220, mimi nikaijaza "mtaalamu mbobezi, mjasiriamali mwenye maono". Miezi minne hakuna simu hata moja.

Mambo yalikuja kugeuka Tabata. Mama mmoja kaambiwa na fundi kompresa imekufa anunue mpya. Nafungua mashine ya nje, feni inazunguka vizuri, kompresa inanguruma kidogo halafu inakata. Nikatoa kapasita, kile kifaa kidogo kinachoipa kompresa nguvu ya kuwaka, nikaipima, imeandikwa 35, mita inasoma 9. Nikamwomba mama ruhusa, nikarekodi kwa simu yangu hiihii, sekunde 40, mita inaonekana, nyumba yake haionekani, naeleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba hapa kompresa ni nzima, kilichokufa ni kapasita. Nikaweka Instagram na status ya WhatsApp. Status inakaa saa 24 tu lakini kabla haijafutika watu walishaisambaza kwenye magrupu ya wapangaji, wiki hiyo nikapigiwa simu na watu tisa nisiowajua.

Tangu hapo kila kazi naitolea posti moja, tatizo moja. Kuna moja nilieleza kwa nini mashine ya gesi ya R22 huwezi kuitia gesi ya R32, presha tofauti, oili tofauti, halafu R32 inaweza kushika moto, na kwamba R22 yenyewe inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, ule mkataba wa dunia wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zetu mwisho ni 2030. Laiki hazikuwa nyingi. Ila mwezi uliopita kanipigia msimamizi wa matengenezo wa hoteli moja Unguja, "wewe ndiye yule wa gesi?" Nimesaini mkataba wa mwaka mzima, AC 62. Hakuniuliza suti wala logo!

Kwa hiyo dada, futa hizo sifa. Andika jina lako, kazi yako, mji wako, na liwe jina moja kila mahali, mtu akikuona Instagram akukute LinkedIn hivyohivyo. Posti kazi, sio sura. Anayeuliza kwenye komenti mjibu hata kama hana hela, maana wenye hela wanasoma kimyakimya. Na usiseme huna muda, muda wa kuangalia umbea unao, hata mimi nilikuwa nao. Kama bosi anakataza picha saiti usimvizie, tafuta mashine mbovu uifungue nyumbani urekodi hiyo, kapasita ni ileile.

Wiki hii ukimaliza klipu ya kwanza nitumie, nitaiweka kwangu, uso wako wote uonekane na jina lako liwe juu.