Maswali ya Wasomaji: Kaburi Lisilo na Jiwe Msiliite Wazi

*Shikamoo mama. Mimi ni karani wa makaburi ya manispaa. Tuna madaftari ya mazishi ya miaka mingi, mengine yameanza kuliwa na mchwa, na ramani moja ya karatasi iliyochorwa kwa mkono. Wakubwa wangu wanataka tununue droni, tupige makaburi picha kutoka juu, kila kitu kiingie kwenye kompyuta. Nianzie wapi? – Karani*

Marahaba mwanangu. Anza na madaftari. Droni ikichelewa mwaka mzima hakuna kitakachopotea, lakini ukurasa ukishaliwa na mchwa jina la mtu limekwenda.

Skani kila ukurasa kwa ubora usiopungua nukta 300 kwa inchi, pamoja na majalada, kurasa tupu na vijikaratasi vilivyobanwa katikati. Vijikaratasi hivyo usividharau. Mara nyingi ndivyo vinavyosema kwamba mwili ulihamishwa, au kwamba namba ya kaburi iliyoandikwa kwanza ilikuja kusahihishwa. Ramani ya karatasi nayo iskaniwe ikiwa imelala bapa, kwa sababu baadaye utaioanisha na ardhi kwa vitu ambavyo bado vipo: nguzo za lango, pembe za ukuta, kisima, njia panda. Usitosheke na vitu vitatu au vinne. Tafuta vingi, vilivyotawanyika pande zote, maana karatasi ya zamani husinyaa na kunyooka bila uwiano.

Kisha ndipo mnanakili maandishi kwenye kompyuta, na hapo nakuomba usikubali kuharakishwa. Watu wawili wanakili ukurasa uleule bila kutazamiana, halafu kompyuta inalinganisha. Wakitofautiana, mtu wa tatu anarudi kwenye picha ya ukurasa. Jina liandikwe kama lilivyo daftarini, hata kama unaona karani wa zamani alikosea herufi. Tahajia unayoiona sahihi iwekwe safu ya pembeni. Tarehe ianze na mwaka, ifuate mwezi, kisha siku, yaani 1964-03-04. Ukiandika 3/4, mmoja ataisoma Machi na mwingine Aprili.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa mifumo hulipita haraka: kaburi na mazishi ni vitu viwili. Wengi hutengeneza mstari mmoja wenye namba ya kaburi, jina na tarehe. Siku akizikwa mtu wa pili katika kaburi lilelile, jina la kwanza linafutwa au linasukumwa kwenye sehemu ya maoni, na huko hakuna anayelitafuta tena. Kaburi ni kipande cha ardhi, mazishi ni tukio, marehemu ni mtu. Dai majedwali matatu yanayounganishwa kwa namba, na namba ya kaburi isibadilike hata kitalu kikipewa jina jipya.

Baada ya hapo droni inayo kazi yake, na kazi nzuri. Ikiruka mita 40 hadi 60 kutoka ardhini, kwa kamera za kawaida kila nukta ya picha hufunika sentimita 1 au 2 hivi, na ukingo wa kaburi huonekana bayana. Lakini picha hizo lazima zifungwe na alama za ardhini zilizopimwa na mpima ardhi. Bila alama hizo ramani nzima inaweza kuhama mita kadhaa huku inapendeza machoni, na mtu asigundue mpaka siku ya kuchimba. Tena droni haioni chini ya miti, na sehemu kongwe ndizo zenye miti mikubwa. Huko mtatembea kwa miguu na futi ya kupimia. Programu ya kuchorea si lazima inunuliwe: QGIS, iliyoanza mwaka 2002, ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi yenu.

Wakubwa wakikuuliza kwa nini unahangaika na karatasi, waeleze habari ya Arlington, makaburi ya kijeshi ya Marekani. Mwaka 2010 wakaguzi wa jeshi walichunguza vitalu vitatu tu, wakakuta zaidi ya makaburi 200 ambayo ramani na hali ya ardhini havikubaliani. Mengine ramani ilisema yamezikwa mtu, lakini hakuna jiwe wala kadi ya mazishi. Mengine ilisema yako tupu, na jiwe limesimama pale pale. Mwaka uliofuata askari walipiga picha mawe na vibao zaidi ya 259,000 kwa simu, wakifanya kazi usiku ili wasisumbue mazishi ya mchana. Kupiga picha kulimalizika katika msimu mmoja. Jasho lilikuwa katika kuoanisha kila picha na kadi na kitabu chake. Ramani ambayo umma unaweza kutafutia kaburi ilifunguliwa mwaka 2012, baada ya kazi hiyo.

*Dada, siku tuliyomzika baba nilihifadhi mahali pa kaburi kwenye simu yangu. Niliporudi, simu ilinipeleka kwenye kaburi la mtu mwingine, safu mbili kando. Sina amani. Je, wamemhamisha? – Binti yake*

Pole sana kwa msiba, na pole kwa hofu uliyoipata. Nina hakika karibu kabisa kwamba baba yuko pale mlipomlaza. Iliyosogea ni simu.

Simu hupokea mawimbi kutoka setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 na zaidi. Mahali peupe, pasipo kizuizi, hukosea mita 5 hivi. Chini ya miti au karibu na ukuta mawimbi hugonga na kurudi, na kosa linakua. Kaburi lina upana wa mita moja na kitu. Ukichora duara la mita 5 kuzunguka ulipokuwa umesimama, ndani yake yanaweza kuingia makaburi 20. Kwa hiyo alama ya simu inakufikisha kwenye eneo, haiwezi kukuonyesha kaburi. Vipokezi vya wapima ardhi, vinavyosahihishwa na kituo kingine kilichosimama mahali panapojulikana, hufika sentimita chache tu, na hivyo ndivyo vinavyostahili kutumika katika rejista.

Nenda ofisi ya makaburi, omba kitalu, safu na namba ya kaburi, uandike mahali ambapo hata wadogo zako watapaona. Ukishafika na kulihakiki, piga picha ya kaburi pamoja na majirani zake wa kushoto na kulia. Halafu chukua futi ndefu upime umbali kutoka vitu vitatu visivyohama, kwa mfano pembe ya ukuta, nguzo ya lango na bikoni ya kitalu. Vipimo viwili huacha sehemu mbili zinazowezekana. Cha tatu kinaondoa shaka. Ukiwa na karatasi hiyo huhitaji simu.

*Mama, sisi mfumo wetu wa kompyuta umeshawekwa na unatumika. Kila kaburi tunatakiwa kuchagua "limetumika" au "wazi", hakuna la tatu. Kuna kitalu cha zamani hakina mawe na daftari lake limepotea. Mwenzangu anasema tuweke "wazi" kwa kuwa hakuna jina. Roho yangu inakataa. – Msimamizi*

Roho yako iko sahihi, na nakusihi usiipuuze. Mkiweka "wazi", kitalu chote kitapakwa kijani kwenye skrini. Miaka mitano ijayo atakuja karani asiyejua historia, ataona kijani, atatoa kibali, na wachimbaji watakutana na mifupa ya mtu mbele ya familia iliyokuja kumzika mtu wao. Familia mbili zitakuwa zimeumizwa kwa sababu ya chaguo lililokosekana kwenye menyu.

Kaburi kukosa jiwe hakuthibitishi chochote. Vibao vya mbao huoza, vya chuma huibwa, na watu wasio na uwezo wengi hawakuwekewa alama tangu mwanzo, watoto wachanga hasa. Hawa ndio wanaofutwa kwanza rejista inapotengenezwa kwa haraka, na mimi naona wao ndio wenye haki ya kwanza ya kulindwa na ramani mpya.

Mwandikieni aliyewauzia mfumo aongeze hali ya tatu: "haijulikani". Ni kazi ndogo kwake. Kitalu chenye hali hiyo kifungwe, kibali kisitoke. Mpaka aongeze, wekeni "limetumika" na maelezo yenye tarehe na jina la aliyeamua.

Halafu tafuteni ushahidi. Daftari limepotea, lakini huenda stakabadhi za malipo, vibali vya mazishi na rejista za vifo vimebaki mahali pengine. Picha za zamani zilizopigwa kutoka angani huweza kuonyesha safu ambazo leo zimefunikwa na majani. Tembeeni asubuhi na mapema, jua likiwa chini, mtaona mabonde madogo ya urefu wa mtu ambayo mchana hayaonekani. Na mtafuteni mchimba makaburi mzee, aliyestaafu. Mtembee naye safu kwa safu, mmoja wenu akiandika anachosema kama anavyokisema, pamoja na pale anaposema hana uhakika.

Mtaambiwa pia kuhusu rada ya kupenya ardhini. Inafaa, ila ijueni. Inatuma mawimbi chini na kusikiliza yanaporudi. Kinachoonekana hasa ni udongo uliowahi kuchimbwa, jina la mtu haiwezi kutoa. Kwenye mchanga mkavu huona vizuri. Kwenye mfinyanzi wenye maji au udongo wa chumvi mawimbi hufifia karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo rada isipoona kitu kwenye mfinyanzi, hiyo haiwi ruhusa ya kuchimba.

Kila mstari ubebe chanzo chake: daftari, jiwe, ushuhuda wa mtu au rada. Na mabadiliko yasifute kilichokuwapo. Yaongezwe juu yake, kwa tarehe na jina la aliyebadilisha.

*Ramani yetu ikikamilika, tuiweke hadharani yote? – Ofisa wa TEHAMA*

Jina, tarehe na mahali pa kaburi, ndiyo. Chanzo cha kifo, simu na anwani za ndugu, na nani alilipia, vibaki ofisini. Hao ndugu wako hai. Wekeni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae jengo jingine kabisa. Madaftari yenyewe msiyatupe hata mkishayaskani. Na kabla ya kusaini mkataba na kampuni yoyote, hakikisheni umeandikwa kwamba data zote ni mali ya manispaa na mnaweza kuzitoa wakati wowote katika muundo ulio wazi, yaani unaosomeka na programu nyingi, kama CSV kwa majedwali na GeoPackage kwa ramani. Jaribuni kuzitoa mara moja wakati kampuni bado inasubiri malipo ya mwisho.